Maji ya Miguu ya Prof

Saa ya kupika, mtaani kwetu Lubuye, alikuwapo mwanamume mmoja aliyezunguka kati ya majiko ya wake za watu na kuwakaripia. Hakutafuta chakula, wala hakuwa mtu wa utani. Alisimama nyuma yako, mikono mgongoni, akiangalia mvuke unavyopanda kutoka kwenye sufuria yako, kisha akapaza sauti: "Funika! Unapikia nani? Unapikia hewa?" Ukifunika, alikwenda zake bila asante. Usipofunika, alishika mfuniko kwa pindo la koti lake akafunika mwenyewe, na kesho yake akarudi kuangalia kama umepata akili. Wanawake walimchukia kidogo na kumheshimu sana. Makaa ya mbabula, hayo majiko yetu, yalidumu, hilo hakuna aliyebisha.

Huku kwetu kila mwalimu wa sekondari ni Prof, hata yule wa mazoezi ya viungo. Lakini ukisema Prof bila kuongeza neno, watu wa Lubuye walijua ni yule wa fizikia, mrefu, mwenye koti la kahawia na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Mimi alinifundisha, halafu nikaolewa, nikafiwa na mume, nikaweka cherehani yangu kwenye baraza la nyumba inayopakana na yake. Kwa hiyo nimemjua kwa pande mbili, ya ubao na ya ua.

Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa amebaki na mguu mmoja. Ule mwingine uliondoka kwa sababu ya maji ya moto, na aliyeyachemsha maji hayo ni binti yake Sifa, kwa mapenzi yote aliyonayo. Sifa hakutakiwa kujua. Hilo ndilo jambo ambalo Prof alilishikilia kuliko alivyoushikilia mguu wenyewe, na mimi alinibebesha nusu ya mzigo. Nimekasirika naye kwa ajili hiyo, na hasira yenyewe haijaisha ninavyoandika haya.

Darasani hakuwa na vyombo. Kabati la maabara lilikuwa na kufuli, na nyuma ya kufuli hakukuwa na kitu. Basi alikuja na vyombo vya nyumbani kwake ndani ya mfuko, mpaka mkewe akawa anakuja shuleni kudai mwiko wake. Siku moja alileta vijiko vitatu, cha aluminiamu, cha chuma na cha mti. Kwenye ncha ya kila mpini alibandika punje ya hindi kwa nta ya mshumaa, akavisimamisha vyote ndani ya bakuli la maji yanayochemka. Tukakaa tukiangalia mahindi kama watu wanaoangalia mpira. Lile la aluminiamu likaanguka, tukapiga makofi. La chuma likafuata baadaye. La mti likabaki palepale mpaka kengele ikalia, na wavulana waliokuwa wameliunga mkono wakaanza kulitukana.

"Muliona?" akasema. "Moto haina chuki na muntu. Inatafuta njia. Ukiipa njia inapita, ukiinyima inakaa."

Asubuhi za Juni, wakati upepo wa kusi unapotoka ziwani na mawese yanaganda chupani, alituambia tushike benchi la mti kwa mkono mmoja na mguu wa meza ya chuma kwa mkono mwingine. Akauliza kipi kina baridi zaidi. Wote tukasema chuma, nani angesema vingine? Akatuita waongo. Vitu viwili vimelala chumba kimoja usiku kucha, alisema, baridi yake ni moja, ila chuma kinakunyang'anya joto lako haraka na mti unakunyang'anya polepole. "Mukono yako haipime moto. Inapima mbio ya moto inapokutoroka. Usiamini ngozi, ngozi ni shahidi mubaya." Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yangu, aliyekuwa akipiga pasi ya makaa kwa kulipwa, na mama akaniuliza kama nimelipiwa minerval, karo ya shule, ili nikafundishwe kwamba baridi si baridi.

Jambo alilolipenda kuliko yote lilikuwa maji. Chuma, alisema, kinapitisha moto kikiwa kimesimama, lakini maji lazima yatembee. Alitia majani ya chai kwenye sufuria, akaiweka juu ya mbabula pembeni ya ubao, akatuita tusogee. Majani yalipanda katikati, yakageuka juu, yakashuka kandokando, yakapanda tena. Alikuwa anatabasamu peke yake. "Angalia safari yake," alisema kwa sauti ndogo, si ya darasani. "Mayi haipitishe moto. Inaibeba mugongoni, inaipeleka, inarudi kuchukua ingine." Sijawahi kumwona akifurahi hivyo kwa ajili ya mtu.

Na ziwa letu alilisikitikia. Wengine wanalilaumu kwa kupanda na kumeza nyumba za ufukweni, na yeye nyumba yake ya kwanza ilimezwa, ua wote na choo. Lakini alilolisikitikia ni lingine. Jua, alisema, linalipasha ziwa kutoka juu, na maji ya moto ni mepesi, hayashuki. Kwa hiyo ya juu yanabaki juu na moto wake, ya chini yanabaki chini na baridi yake, na vyakula vya samaki vimelala huko chini. Ni upepo wa kiangazi tu unaosukuma ya juu pembeni, yale ya chini yakapata nafasi ya kupanda kidogo. Upepo ukilegea, ndagala, dagaa wetu, wanapungua, na wanawake wa ufukweni wanakwenda kwa mganga. "Banaishi ndani ya nyumba moya," aliniambia siku moja tukiwa juu ya daraja la mto Lukuga, "na habajuane." Nilidhani anasema juu ya maji. Siku hizi sina hakika.

Maana nyumbani kwake hali ilikuwa hiyohiyo. Sifa tulikuwa naye darasa moja. Ni kipenzi cha mtu huyu, kila jirani alijua hivyo isipokuwa Sifa mwenyewe. Akipita, baba alimfuata kwa macho mpaka anakunja kona. Neno jema hakumpa. Mwisho wa mwaka wa nne tulikuwa na mtihani wa mdomo, na Prof akamweka binti yake wa mwisho, mbele ya darasa zima na mkuu wa masomo. Swali lilikuwa la jikoni: chai na uji vimetoka motoni pamoja, mbona chai inapoa mapema na uji unaendelea kuunguza ulimi? Sifa ndiye aliyepika uji wa nyumba ile kila asubuhi. Baba alimpa swali lile kama zawadi, hilo mimi nililiona usoni mwake. Lakini Sifa alikuwa amesimama mbele ya baba yake, si mbele ya jiko. Akasema, "Sababu uji iko nzito."

"Nzito, halafu?"

Sifa akajifuta mikono kwenye sketi yake.

Alichokuwa anakitaka Prof ni hiki: chai inazunguka kikombeni, ya moto inapanda na kupoa, ya baridi inashuka, joto linapata wa kulibeba. Uji haugeuki. Unapoa ngozi ya juu tu, ndani moto umekwama. Sifa alijua kwa mikono kila kitu juu ya uji, ila hakujua kwamba ndicho alichoulizwa. Prof akaandika sufuri, akaisoma kwa sauti. Akaongeza: "Hapa hakuna mutoto wa Prof." Mkuu wa masomo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sifa hakurudi shule mwaka uliofuata. Kesho yake asubuhi alipika uji kama kawaida, akamwekea baba yake mezani, na baba akala wote. Hawakusemezana. Muda si mrefu aliolewa na mtu wa Manono, akapanda lori akaondoka.

Nimesema alikuwa mkali, lakini ukali wake ulikuwa na matumizi. Mtoto wa jirani yetu aliungua mkono kwa mafuta ya kukaangia mikate. Mama yake akaja mbio na dawa ya meno na yai, jinsi tunavyofanya wote. Prof akamnyakua mtoto, akauzamisha mkono ndani ya pipa la maji ya ziwa, akaushikilia humo huku mtoto anapiga mayowe na mama anampiga Prof mgongoni.

"Utamuletea kichomi! Unamuuwa mutoto wangu!"

"Moto ingali mu nyama, mama. Ukipaka yai unaifunika, inaendelea kupika. Acha mayi iitoe."

Alikaa pale mpaka koti lake likalowa lote. Mkono ukapona, kovu lake utalitafuta. Mama yule alimwamkia Prof kwa heshima kuanzia siku ile, lakini kila mtoto alipokohoa alisema ni lile pipa.

Tena alipenda sana termosi. Akikaa kwangu barazani akinisubiri nimalizie suruali yake, aliishika termosi yangu ya maua mekundu, akaigeuza, akasema kinachotunza chai humo si kioo wala bati, ni utupu ulio katikati ya kuta mbili, kwa sababu moto ukifika kwenye utupu haupati wa kuupokea. Chai yake mwenyewe aliiacha ikapoa. Nilimmiminia vikombe visivyo na idadi, na kila kimoja alikinywa baridi, baada ya kunieleza kwa nini kimepoa.

Sasa nifike kwenye beseni.

Mkewe alitoka upande wa Moba, na alikuja na desturi ya kwao. Jioni, mkubwa wa nyumba akirudi, anaoshwa miguu kwa maji ya moto yenye chumvi na majani ya mvumbasi. Maji yanatakiwa yafike mbele yake yanafuka. Ya vuguvugu wanapewa wageni, na kumpelekea baba maji ya vuguvugu ni kama kumwambia umechoka naye. Na yule anayeosha hatii mkono wake kwanza, hata kidole. Akitia, ameyachafua, anamwaga na kuchemsha mengine. Mwenye miguu ndiye anayeonja kwa mguu wake wa kulia, na akisema yamekubali, ndipo mikono inaingia.

Nilimuuliza mara moja jinsi mtu kama yeye, anayeita ngozi shahidi mbaya, anavyokubali sheria hiyo. Aliudhika. "Ile ni heshima, Mama Zaina. Heshima haipimwe na termometri." Nikarudi kwenye cherehani yangu. Kila mtu ana mahali ambapo elimu yake inasimama mlangoni.

Mkewe alipofariki, beseni lilikaa limeegemea ukuta. Prof alijiosha mwenyewe kwa maji ya bomba, akawa anakonda, koti likawa kama la mtu mwingine. Halafu Sifa akarudi kutoka Manono, mjane, na mfuko mmoja. Alishukia njiani, akaingia uani, akamkuta baba yake amekaa. Niliwaona kwa juu ya ukuta. Hawakukumbatiana, si watu wa namna hiyo. Sifa alitua mfuko, akaenda kukoka mbabula, na jioni ile beseni lilitoka tena linafuka. Hakuna aliyemwomba. Ni binti mkubwa, desturi ilikuwa yake sasa. Aliinama mbele ya baba yake, na baba akaangalia pembeni, upande wangu, macho yamejaa maji. Kuanzia hapo kila jioni nilisikia wakizungumza, kidogo, juu ya bei ya unga au juu ya mvua. Hawakuwa na mahali pengine pa kuzungumzia. Lile beseni ndilo lililowarudishia maneno.

Tatizo ni kwamba Prof alikuwa na sukari, na miguu yake ilikuwa imeanza kufa.

Aligundua mwenyewe, kwa namna yake. Adhuhuri moja alikwenda ufukweni kununua ndagala waliokuwa wanaanikwa mchangani. Mchanga wa saa ile unaruka juu yake, huutembelei. Ndala yake ikakatika, akaendelea bila hiyo, na mwanamke mmoja akapiga kelele: "Papa, hauungue?" Akaangalia chini, akauona mguu wake mtupu juu ya mchanga. Prof alimwambia ana nyayo ngumu kama za wazee wa zamani. Kisha akarudi nyumbani, akajaribu, mguu mmoja kwenye saruji ya kivulini, mwingine kwenye bati lililokuwa juani. Vyote vilikuwa kitu kimoja. Haya alikuja kunieleza baadaye, kwa mpangilio, kama anavyoandika ubaoni, na mimi nililia akanikataza kulia.

Daktari alimwambia wazi: miguu hii usiipeleke karibu na moto, wala maji ya moto, huwezi kujua. Prof alirudi nyumbani na maneno hayo, akayaweka moyoni, na jioni beseni likaja linafuka, na Sifa ameinama. Ungefikiri ni neno dogo tu la kusema. Hakulisema. Alitia mguu wa kulia, akahesabu kimoyomoyo kwa kadiri ya mtu anayesikia moto, akasema, "Imekubali."

Akaendelea hivyo wiki nyingi. Alijifunza kuangalia mvuke, na kuchelewesha mguu kwa kusimulia jambo mpaka maji yapungue moto. Kwa akili yake yote, hiyo ndiyo mbinu aliyoipata. Halafu ikaja jioni ya mvua kubwa. Sifa alitoka sokoni amelowa, anatetemeka, akachemsha maji harakaharaka akayaleta moja kwa moja kutoka motoni. Hewa yote ilikuwa na ukungu, mvuke haukuonekana vizuri. Na Sifa, jambo la nadra, alianza kusimulia maisha yake ya Manono, mume wake alivyofukiwa na shimo la machimbo, alivyokaa siku zile bila mtu. Baba akatia mguu, akasema imekubali, akasikiliza. Hakutaka kumkatiza. Sifa kwa kulia hakukumbuka hata kuosha, alikaa chini tu na kikombe mkononi, akisema, na mguu ulikaa ndani muda wote huo.

Asubuhi nilikwenda kumpima suruali. Alikuwa amevaa soksi, na soksi ilikuwa imelowa. Niliishika nikataka kuivua, akanizuia, nikaivua kwa nguvu. Sitaeleza nilichokiona. Huyu aliyekaa kwenye pipa na mtoto wa watu mpaka koti likalowa, mguu wake mwenyewe aliuficha ndani ya soksi ya sufu, ukaendelea kupika.

"Prof, tumwite Sifa."

"Apana."

"Ataona tu!"

"Ataona muguu. Hataona mayi." Akanishika mkono. "Nilimupa sufuri mbele ya batu, Mama Zaina. Ile tu ilitosha kumufukuza miaka yote. Unataka nimuambie nini sasa? Kama alinipika? Nikimuambia, atatoka tena, na hata akibaki hatanigusa. Sema ni jiwe. Nilijikwaa ku pembeni ya ziwa."

Nikamwambia ni ujinga. Nikamwambia maneno ambayo mwanafunzi hamwambii mwalimu wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tena, ni jiwe.

Basi ikawa ni jiwe. Hospitalini mguu uligeuka rangi, wakakata chini ya goti. Sifa alilala sakafuni chini ya kitanda siku zote zile, akililaani ziwa na mawe yake, na mimi nilikaa pembeni nikitikisa kichwa pamoja naye. Wauguzi walikuwa wakiingia na kutoka, wakizungumza juu ya mguu ulioungua kwa Kifaransa chao, na kwa Kiswahili pia, bila kuangalia nani amesimama mlangoni.

Kilichonitia hofu ni mguu uliobaki. Prof alimwambia Sifa kwamba daktari amekataza maji mpaka kidonda kifunge. Kwa muda huo, sawa. Lakini kidonda kingefunga, halafu? Nilimuuliza. Akasema, "Tutaangalia." Mtu aliyetaka sababu ya kila kitu ananijibu tutaangalia. Nikaapa kwamba nikiona beseni linafuka tena mbele yake, nitasema, na anichukie akipenda.

Baadaye binti yangu alijifungua kule Kabalo, nikapanda treni nikaenda kumhudumia, nikakawia. Niliporudi kiangazi kilikuwa kimeingia. Nilipita kwake hata kabla ya kufungua mlango wangu. Alikuwa uani kwenye kiti cha plastiki, blanketi begani, amepungua mpaka nilisimama kidogo ili nisionyeshe uso. Ule mguu mmoja ulikuwa juu ya kigoda cha mbao, ngozi inang'aa, bado mzima.

"Kabalo kuko namna gani?"

"Joto, Prof. Hata usiku."

"Mutoto anakunywa vizuri?"

"Anakunywa."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza kuhusu mto Lualaba wala treni wala sufuria za watu wa huko. Sauti ilikuwa inatoka mbali, na maneno machache yalimchosha. Nilitaka kumuuliza lile swali letu, lakini Sifa akatoka jikoni.

Alibeba beseni kwa mikono miwili. Alilifunika kwa kitenge, majani ya mvumbasi yananukia kutoka chini yake. Nilimwangalia Prof, naye akaniangalia, na nilijua anajua ninachotaka kufanya. Sifa akapiga magoti, akaweka beseni, akakunja suruali ya baba yake taratibu. Nikafungua mdomo.

Prof akaniwahi. "Mama Zaina, sogea hapa. Unisaidie kuinua huu muguu, nguvu sina."

Sikuwa na namna. Nikainama, nikaushika kwenye kisigino, mwepesi, hauna hata uzito wa mguu wa mtoto. Nilikuwa nimeamua kuushikilia hewani na kusema palepale. Sifa akaondoa kitenge. Hakuniangalia, wala hakusema niondoe mkono wangu. Ule mguu ukashuka wenyewe, ukanivuta, na vidole vyangu vikaingia majini pamoja nao.

Yalikuwa baridi, ya pipani. Hayakuwa yamekaribia moto hata kidogo.

Prof alivuta pumzi kwa meno kama mtu aliyeguswa na moto, akafumba macho, akauacha mguu humo.

"Eee, Sifa. Leo ndiyo moto ya kweli."

"Vumilia, Papa. Iko inapoa."

Akachota kwa kikombe, akammwagia kidogo kidogo, akingoja kati ya mara moja na nyingine, kama mtu anavyomwagia maji ya moto.